Maziwa mabichi: maswali mnayotuuliza mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Tunafuga ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa Mtwara mjini, upande wa Naliendele, na tunauza maziwa yakiwa mabichi, jinsi yalivyotoka kwa ng'ombe na kuchujwa. Wateja wapya wanakuja na maswali yaleyale. Siku hizi yameongezeka kwa sababu ya video zinazozunguka kwenye simu, zinazosema maziwa yaliyochemshwa "yameshakufa" na kwamba mabichi ndiyo dawa ya kila kitu. Tumeona tuyajibu hapa kwa utulivu, kuliko kuyajibu haraka haraka huku mtu anasubiri chenji.

Msimamo wetu ni huu: nunua mabichi kwa mtu unayemjua, yachemshe kabla ya kunywa, na usikubali kuuziwa na mtu asiyetaka kuulizwa.

Mnauza mabichi halafu mnatuambia tusiyanywe mabichi. Hamjipingi?

Hapana. Hata buchani nyama inauzwa mbichi, na hakuna anayeitafuna njiani akirudi nyumbani. Sisi hatuna mtambo wa kusindika, na wafugaji wengi wa ng'ombe wawili watatu huku kusini hawana pia. Maziwa yanakamuliwa alfajiri, yanachujwa, yanaingia kwenye chombo, na kabla jua halijawa kali yawe yameshafika Chikongola, Shangani au Mikindani. Kazi ya moto inabaki jikoni kwako. Tunachotaka ni uijue hiyo kazi, uifanye, na usidhani sisi tumeshaifanya.

Kwani maziwa mabichi yana nini cha kuogopa? Yetu yanaonekana safi kabisa.

Vimelea vya magonjwa havionekani, havinuki na havibadilishi ladha. Ng'ombe anaweza kuwa mnono, anakula vizuri, anatoa maziwa mengi, na bado akawa anapitisha ugonjwa kwenye maziwa yake. Hili ndilo gumu kulielewa kwa mtu aliyezoea kupima chakula kwa macho na pua.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoka ndani ya mnyama mwenyewe: brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, homa ya Q (ugonjwa mwingine wa mifugo unaoambukiza watu), na bakteria wa ugonjwa wa kiwele. Ya pili ni uchafu unaoingia wakati wa kukamua na kusafirisha: kinyesi kilichokauka kwenye chuchu, mikono, maji ya kuoshea ndoo, nzi, dumu. Huko ndiko wanakotoka salmonela, kampilobakta na aina ya ikolai inayoitwa O157, ambayo kwa mtoto mdogo inaweza kuanza kama kuhara damu ikaishia kuharibu figo. Kisha kuna hali ya hewa yetu. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la karibu nyuzi 38, na Mtwara hayapoi yenyewe. Katika joto hilo bakteria wengi hujizidisha mara mbili ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Dumu lililofungwa nyuma ya bodaboda kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne si lilelile lililoondoka bandani.

Brusela ni nini? Mbona hatuisikii kama malaria?

Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo hatari tunayoiona inapuuzwa kuliko zote.

Brusela ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Kwa ng'ombe dalili kubwa ni kutupa mimba, hasa mimba iliyokwisha kukomaa kiasi, na kondo la nyuma kubaki ndani. Baada ya hapo ng'ombe anaweza kupata nafuu, akashika mimba nyingine, akazaa salama na kukamuliwa kama kawaida, huku vimelea bado vinatoka kwenye maziwa yake. Mtu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi, au kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu.

Kwa binadamu huanza wiki kadhaa baada ya kunywa, wakati mwingine miezi. Homa inapanda jioni na kushuka asubuhi. Jasho la usiku linalolowesha shuka. Mgongo, nyonga na magoti vinauma, mwili unachoka bila sababu, uzito unapungua. Wanaume wengine korodani zinavimba. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Mtu wa huku akiwa na homa, anafikiria malaria kwanza, na ni haki yake, maana malaria ipo kweli Mtwara na Lindi. Shida inaanza pale kipimo kinaposema hakuna malaria na mgonjwa anapewa dawa ya malaria vilevile, au ya taifodi, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Utafiti uliofanyika hospitali za Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria. Walioumwa malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki walikuwemo wenye brusela na homa ya Q. Moshi si Mtwara, malaria ya kule ni ndogo kuliko ya huku, lakini funzo kuhusu homa isiyoisha ni lilelile.

Tiba yake ipo ila ni ndefu: dawa za antibayotiki za aina mbili kwa pamoja, kwa wiki 6 au zaidi. Anayeziacha katikati kwa kuwa amejisikia vizuri, mara nyingi ugonjwa unamrudia.

Jambo hili si jipya duniani. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliviona vimelea hivi mwaka 1887 kisiwani Malta, ambako askari walikuwa wakilazwa kwa homa isiyokatika. Hakuna aliyejua inatoka wapi mpaka mwaka 1905, Themistocles Zammit, daktari Mmalta, alipoikuta kwenye mbuzi waliokuwa na afya nzuri kabisa kwa kuwatazama. Mwaka 1906 maziwa yale yakaondolewa kwenye chakula cha askari, na wagonjwa wakapungua ghafla. Hawakupewa dawa yoyote mpya. Walichobadilishiwa ni maziwa tu.

Babu zetu waliyanywa mabichi na waliishi miaka mingi. Hilo mnalijibuje?

Kwa heshima zote, ni kweli wengi walikunywa na wengi wakaishi. Si kila ng'ombe ana ugonjwa, na si kila anayekunywa anaugua. Lakini wazee haohao, ukikaa nao, watakusimulia mtoto aliyevimba tezi za shingo, mjomba aliyepinda mgongo, shangazi aliyeharibikiwa mimba mfululizo. Wakati ule mambo hayo yalipewa sababu nyingine. Kifua kikuu cha ng'ombe kinachopitia kwenye maziwa hushambulia sana tezi, tumbo na mifupa, hata mtu asikohoe.

Tena kwa huku kwetu, hoja ya mababu inahitaji kuangaliwa vizuri. Sehemu kubwa ya kusini haikuwa na ng'ombe wengi, kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa nagana. Wamakonde na Wamwera walikuwa wakulima, na maziwa ya ng'ombe hayakuwa chakula cha kila siku cha nyumba nyingi. Ng'ombe wengi waliingia baadaye, hasa wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu, Mbarali, mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwemo. Kwa hiyo familia nyingi za huku zinajifunza maziwa sasa hivi. Tunasema ni nafasi nzuri: mnaweza kuanza na desturi ya kuchemsha tangu mwanzo.

Kuchemsha hakuui virutubisho?

Kunapunguza vichache. Vitamini C inapungua, ingawa maziwa hayakuwa na nyingi tangu mwanzo. Chungwa moja au embe la Mtama litakupa zaidi. Baadhi ya vitamini za kundi B hupungua kiasi. Protini, kalsiamu, mafuta na vitamini A vinabaki karibu vyote. Mtoto anayekunywa maziwa yaliyochemshwa anakua sawasawa.

Hayo ya kwamba maziwa mabichi yana "bakteria wazuri" wanaolinda tumbo: bakteria waliomo kwenye maziwa mabichi hawakuchaguliwa na mtu. Wanategemea kiwele, mikono na ndoo. Ukitaka bakteria wazuri, kunywa mtindi.

Nichemsheje? Yangu kila mara yanamwagika.

Yanamwagika kwa sababu unayajaza mno na unayawekea moto mkali. Chukua sufuria ambayo maziwa yatafika nusu yake. Isuuze kwa maji kidogo kwanza bila kuifuta, yasishike chini haraka. Moto wa wastani, na mwiko mkononi. Usiondoke kwenda kuzungumza na jirani.

Angalia vizuri hapa. Maziwa yakianza kupata moto, yanatoa mvuke na vitone vidogo pembeni. Kisha povu linapanda kwa kasi kama linataka kukimbia, na hapo ndipo watu wengi hutoa sufuria wakidhani yamechemka. Povu hilo linapanda kabla maziwa yote hayajatokota. Punguza moto, koroga povu lishuke, uyaache yatokote yenyewe kabisa, yakibingirika katikati, kwa dakika moja au mbili. Hapo funika, weka sufuria ndani ya beseni lenye maji baridi, badilisha maji mara moja, na yakipoa yahamishie kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto. Usiyarudishe kwenye dumu lilelile uliloletea mabichi. Kosa hilo tunalikuta nyumba nyingi: mtu kafanya kazi yote, halafu anamimina maziwa safi kwenye mabaki ya asubuhi.

Viwandani, njia ya kawaida haifiki hata kutokota. Hupasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, njia iliyopewa jina la Louis Pasteur wa Ufaransa. Wao wana vipimajoto. Wewe usiye nacho, mtokoto ndio kipimo chako.

Mkaa umepanda bei. Kila siku nichemshe lita moja tu?

Chemsha mara moja asubuhi yote ya siku. Anayetumia gesi, lita moja haitumii muda mrefu. Tunajua gharama ipo. Wiki kadhaa za dawa na nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya Ligula ni gharama kubwa zaidi.

Nikiyamimina mabichi kwenye chai ya moto, si yanaiva humohumo?

Hapana. Chai ikishamiminwa kikombeni inapoa kila sekunde, na maziwa baridi yanaipoza zaidi. Kama unapika chai ya maziwa, weka maziwa ndani ya sufuria na uyatokose pamoja na majani, hapo sawa. Mama lishe wengi wanafanya hivyo na wanafanya vizuri.

Mtindi je? Ukigandisha, uchachu hauui vijidudu?

Uchachu unapunguza baadhi, na unachelewesha kuharibika. Lakini brusela na vimelea vya kifua kikuu vinaweza kuvumilia uchachu kwa muda, kwa hiyo mtindi uliogandishwa kutoka kwenye maziwa mabichi si salama kwa sababu tu ni mchachu. Chemsha kwanza, poza mpaka yawe vuguvugu unaloweza kulivumilia kwa kidole kilicho safi, kisha tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana, funika, acha usiku. Utaona hata mgando wenyewe unakuwa mzito na laini, kwa sababu bakteria uliowaweka hawashindani na wengine.

Ukinunua mtindi barabarani, uliza swali moja tu: "Ulichemsha kabla ya kugandisha?" Anayechemsha atakujibu hapohapo.

Maziwa ya mbuzi hayahitaji kuchemshwa, eti?

Yanahitaji. Wale wa Malta walikuwa mbuzi. Brusela ya mbuzi kwa binadamu ni kali kuliko ya ng'ombe.

Nikiyaweka kwenye friji au friza?

Baridi inawafanya bakteria walale, haiwaui. Brusela hukaa kwenye friji bila shida, na bakteria aitwaye listeria hata huongezeka polepole humo. Friji ni ya maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, na umeme ukikatika kwa saa nyingi yakapoteza ubaridi, yamwage.

Tumbo langu linakataa maziwa. Nimeambiwa mabichi hayasumbui.

Wengi wetu ambao kwa asili hatukuwa wafugaji, tukikua, mwili unapunguza kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, laktosi. Ndiyo maana tumbo linajaa gesi na kuharisha. Laktosi imo ndani ya maziwa mabichi sawa na yaliyochemshwa. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilipima hilo kwa kundi dogo la watu wazima 16 na kuchapisha matokeo mwaka 2014: mabichi hayakuwaondolea dalili. Jaribu mtindi, maana bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi, au kunywa kiasi kidogo pamoja na chakula.

Kuhusu pumu na mzio: ni kweli kuna tafiti za Ulaya zilizoona watoto wa mashambani wanaokunywa maziwa ya shambani wana pumu kidogo kuliko wengine. Video zinaishia hapo. Watafiti wenyewe waliendelea kusema hawamshauri mtu kumpa mtoto maziwa mabichi, kwa sababu ya vimelea. Tunadhani sehemu hiyo nayo inastahili kusikika.

Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho tunakunywa maziwa mabichi kukata dawa. Tuendelee?

Swali hili linakuja kila mwaka, kuanzia Juni watu wanapoanza kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na linatugusa kwa sababu wanaouliza ni vijana wanaofanya kazi ngumu. Ndugu zetu, maziwa yanakwenda tumboni. Salfa uliyoivuta ipo puani, kooni na kwenye mapafu, na hakuna maziwa yanayofika huko. Ubaya wa imani hii ni kwamba mtu akishakunywa nusu lita anajiona amelindwa, anapulizia bila kuziba pua, bila miwani, akiwa kinyume na upepo. Vaa kizuia vumbi, funika macho, vaa mikono mirefu, pulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, oga ukimaliza. Na kwa dawa za maji za kuua wadudu, aliyemeza au kuzidiwa apelekwe kituo cha afya haraka pamoja na chupa ya dawa. Kumnywesha maziwa kusimcheleweshe. Kunywa maziwa kwa ajili ya nguvu ni jambo jema. Yachemshe.

Nchi za wenzetu zilizoendelea si wameruhusu mabichi? Kwa nini sisi tuogope?

Hawana msimamo mmoja. Marekani, serikali kuu ilipiga marufuku mwaka 1987 kuyauza kutoka jimbo moja hadi jingine kwa ajili ya kunywa, lakini kila jimbo lina sheria yake ndani: mengine yanaruhusu hata dukani, mengine shambani tu, mengine hapana. Kanada imekataza kuyauza nchi nzima tangu 1991. Scotland ilikataza tangu 1983, wakati majirani zao wa England wanaruhusu mkulima kumuuzia mlaji moja kwa moja, chupa ikiwa na onyo.

Watetezi wa kule wana hoja ambazo hatuwezi kuzidharau. Wanasema mtu mzima ana haki ya kuchagua anachoweka mdomoni, kwamba sheria zimewapendelea wenye viwanda, na kwamba mkulima mdogo anapata bei nzuri akimuuzia mlaji mwenyewe. Hoja ya tatu sisi tunaiishi. Lakini tazama Italia na Ujerumani, ambako maziwa mabichi yanauzwa, Italia hata kwa mashine za barabarani. Italia, baada ya watoto kuugua figo, iliagiza mwaka 2008 kwamba kila mashine iandikwe kuwa maziwa hayo yanywewe baada ya kuchemshwa. Ujerumani, shamba linalouza lazima liweke tangazo lenye maana hiyohiyo. Yaani uhuru wa kununua upo, na ukweli umebandikwa palepale mteja anapochota. Huo ndio uhuru tunaoutaka Mtwara.

Na mwaka 2024 Marekani walikuta homa ya mafua ya ndege aina ya H5N1 imeingia kwa ng'ombe wa maziwa, virusi vikiwa tele kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe wagonjwa. Joto la kiwandani liliviua.

Basi serikali ipige marufuku maziwa mabichi?

Hatukubaliani na hilo, na hatusemi kwa sababu tu tunauza.

Tanzania ina Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Maziwa, na TBS, shirika la viwango, inaweka viwango, pamoja na cha maziwa mabichi. Kwa hiyo si biashara ya gizani. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini hayapiti kiwandani. Ukiyakataza leo hapa Mtwara, hayatageuka kuwa ya kiwandani kesho. Maziwa ya pakiti yanakuja kutoka Iringa, Tanga na Dar es Salaam, yana nauli ndani yake, na mama wa Mtawanya mwenye watoto wanne hatayanunua kila siku. Ataacha maziwa kabisa, au atanunua kwa kificho kwa mtu ambaye hatakuwa tayari kuulizwa chochote. Mfugaji naye atauza ng'ombe.

Tunachoomba ni kingine: vituo vya kukusanyia vyenye mtungi wa kupozea, upimaji wa ng'ombe wa mara kwa mara unaomfikia mfugaji mdogo, na onyo la "chemsha" kwenye kila dumu na kila kibanda. Kusini tuna maabara ya mifugo ya TVLA hapa Mtwara, tuna taasisi ya utafiti wa mifugo, TALIRI, Naliendele, na tuna uwanja wa Ngongo, Lindi, ambako kila Nane Nane maelfu hupita. Banda moja la kuonyesha kuchemsha maziwa kwa vitendo pale Ngongo lingefanya kazi kubwa.

Nikienda kwa muuzaji nisiyemjua, niulize nini?

Muulize ng'ombe walipimwa lini brusela na kifua kikuu, na nani aliwapima. Muulize kama kuna aliyetupa mimba mwaka huu. Muulize kama kuna ng'ombe aliye kwenye dawa. Mfugaji anayejali hatakasirika.

Kisha tazama vyombo. Dumu la plastiki la mafuta ya kula lina kona na mpini wenye tundu ndani, hapo brashi haifiki. Maziwa yanaganda, yanakauka, ya kesho yanapokelewa na ya jana. Ndoo au keni ya alumini yenye mdomo mpana ndiyo nzuri. Mkifika bandani, angalia anavyoanza kukamua: chuchu zinaoshwa na kukaushwa kwa kitambaa safi, kisha maziwa ya mwanzo kabisa ya kila chuchu yanakamuliwa kwenye kikombe cheusi. Rangi nyeusi inaonyesha mabonge madogo meupe au majimaji yaliyokatika, dalili ya ugonjwa wa kiwele. Chuchu hiyo haiingii kwenye ndoo.

Laktomita, ile chupa ya kioo inayoelea, inakuonyesha kama maziwa yameongezwa maji. Haikuonyeshi ugonjwa. Wapo wanaoizamisha mbele ya mteja na kusema "umeona, salama." Salama ya maji tu.

Nikichemsha, basi kila kitu kimekwisha?

Hapana, na hili wachache wanakuambia. Moto unaua vimelea. Hauondoi mabaki ya antibayotiki ya ng'ombe aliyetibiwa jana. Ndiyo maana kila dawa ina siku zake za kumwaga maziwa, na mfugaji lazima azifuate hata kama zinamuumiza. Hauondoi sumukuvu inayotoka kwenye mashudu na pumba zilizoota ukungu, ambayo ng'ombe huipitisha kwenye maziwa. Na maziwa yaliyokaa juani mpaka bakteria wakatoa sumu, sumu nyingine hubaki hata baada ya kutokota. Kwa hiyo maziwa yaliyokatika yakipata moto, yamwage.

Mtoto mchanga na mjamzito?

Chini ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo, maziwa ya ng'ombe yoyote anayopewa mtoto yawe yamechemshwa. Mjamzito, mzee, mwenye VVU, mwenye kisukari au anayetumia dawa zinazoshusha kinga: kwao maziwa mabichi na mtindi wa mabichi hapana kabisa.

Nimekuwa nikinywa mabichi na sasa nina homa inayokuja na kuondoka.

Nenda kituo cha afya leo, na usingoje kuulizwa: mwambie daktari mwenyewe kwamba unakunywa maziwa mabichi, au unafuga, au umesaidia ng'ombe kuzaa. Sentensi hiyo moja inabadilisha vipimo atakavyokuandikia. Hospitali zipo: Ligula, Sokoine Lindi, Ndanda na Nyangao. Usijinunulie dawa dukani. Na mjulishe aliyekuuzia, ili ng'ombe wapimwe kabla nyumba nyingine haijaugua.

Nikisisitiza kunywa mabichi palepale bandani, mtaniuzia?

Wewe ni mtu mzima. Tutakueleza yote yaliyoandikwa hapa, tutakuonyesha karatasi ya vipimo vya ng'ombe na tarehe yake, na tutakuambia kwamba ng'ombe aliyepimwa mzima mwezi uliopita anaweza kuambukizwa mwezi huu. Baada ya hapo maziwa ni yako.

Ukija na mtoto ukatuomba tumjazie kikombe cha mabichi anywe papo hapo, hatutamjazia. Jiko lipo nyuma ya banda. Kaeni kwenye mkeka, dakika kumi yatakuwa yameshatokota, tutayapoza, na hatutakutoza kitu kwa mkaa.